Msumeno Uliotoka Osaka

Hadithi hii haina mwenyewe mmoja. Imeungwa kwa viraka vya mambo yanayoweza kumkuta fundi yeyote wa Unguja, na mhusika wake tumemnyima jina makusudi, asije mtu akadhani anasemwa yeye. Tutamwita Maalim, kwa kuwa asubuhi anasomesha hesabu skuli na alasiri hugeuka seremala.

Karakana ya Maalim ni chumba cha chini katika nyumba ya urithi, mtaa wa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Ni chumba kirefu chembamba, kama vilivyo vyumba vingi vya mji ule: dari zake hushikwa na boriti za mikoko, na boriti ya kuaminika kubeba sakafu haizidi mita 3 hivi, basi chumba nacho hakipanuki kupita boriti yake. Kuta ni za mawe na chokaa, mlango ni mmoja, na nje yake pana kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hujibanza ukutani apite mwenziwe. Humo Maalim alikuwa na meza ya useremala, jiriwa, randa, patasi na misumeno ya mkono. Kwa vifaa hivyo alitengeneza makasha madogo, marufaa ya kuwekea misahafu, na mara moja moja fremu ya dirisha.

Mwezi wa Machi akaletewa kazi iliyomzidi mikono. Mwenye nyumba ya wageni alitaka fremu tatu za milango zenye tao juu, kwa mbao za mfenesi, na alizitaka kabla msimu wa wageni haujafunguka Juni. Akatoa arubuni papo hapo. Tao halitoki kwenye ubao mmoja. Huungwa kwa vipande, na kila kipande lazima kikatwe mpindo ndani na nje, vikutane bila mwanya. Kwa msumeno wa mkono kazi hiyo inawezekana, lakini inakula siku na bega. Hapo Maalim akaanza kuota msumeno wa mkanda.

Ndoto yenyewe haikuwa mbaya. Msumeno wa mkanda ni magurudumu mawili, moja juu na moja chini, yamevishwa utepe wa chuma wenye meno, nao hushuka bila kukatika kupitia tundu la meza. Kwa kuwa meno yanashuka tu, yanaukandamiza ubao juu ya meza. Hayaurushi nyuma ukampiga mtu tumboni kama uwezavyo kufanya msumeno wa duara. Mashine hiyo moja inakata mpindo, inachana ubao mnene ukatoa mbao mbili nyembamba, na kwa kuwa utepe ni mwembamba, mbao kidogo tu ndiyo inayopotea kuwa unga. Chukua marufaa: ya kale hutoka kwenye ubao mmoja usio na bawaba ya chuma, unachanwa kutoka ncha mbili kuelekea katikati, na bawaba inachongwa humo humo ndani ya mbao. Mchano huo kwa mkono ni jasho la asubuhi nzima. Kwa mkanda ni wa dakika chache, na unatoka sawa. Seremala wa nyumbani mwenye nafasi ya mashine moja tu akichagua hii, hajakosea.

Maalim akaenda kwa ami yake, mzee aliyekula ujana wake Nungwi akiunda majahazi kwa tezo na keekee.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unataka mashine."

"Nataka, ami. Nimekuja kuomba ushauri kabla sijanunua."

"Basi usianzie dukani. Anzia chumbani mwako. Pima mlango, soma mita yako ya umeme, kisha kaulizie huo mkanda unauzwa wapi na kwa urefu gani. Mashine iwe ya mwisho."

Maalim akaitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mzee, na akilini akaona kuwa mzee wa tezo hana la kumfunza kuhusu mota.

Jumamosi iliyofuata alikuwa mtaa wa Ng'ambo, katika uwanja unaouza mitumba ya makontena: majokofu, baiskeli, pampu za maji, vyombo vya udongo. Katikati yake ulisimama msumeno wa mkanda wa kijani, mzito, meza yake ya chuma cha kusubu, magurudumu yake ya milimita 400. Maalim akaupiga konzi ukaitikia kwa sauti nene. Mashine ndogo mpya aliyoiona dukani ilikuwa ya bati, ukiigusa inatikisika, na bei yake ilizidi ya huu. Moyo ukaamua kabla ya akili.

"Ya Kijapani hii, Maalim," muuzaji alisema. "Wale watu hawatengenezi uchafu."

"Inatumia umeme gani?"

"Umeme huu huu wa ZECO. Kwani kuna wa mbinguni?"

"Na mkanda wake unapatikana?"

Muuzaji akacheka. "Maalim, mchagua jembe si mkulima. Wewe unataka kuchagua, au unataka kufanya kazi?"

Msemo huo una nguvu yake. Mswahili akishaambiwa hivyo, kuendelea kuuliza huonekana uvivu. Maalim akatoa fedha, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ile arubuni ya fremu.

Tabu ya kwanza ilikuwa nyepesi, na tuipite upesi. Gari haliingii Mkunazini. Mahamali wakaukokota ule mzigo hadi kichochoroni, na mlangoni ukakataa kuingia. Ikabidi gurudumu la juu na meza vifunguliwe, kiwiliwili kilazwe, na jirani mwenye baraza avumilie kutwa nzima. Kufungua si neno. Lakini mashine iliyofunguliwa na mtu asiyeijua, ikifungwa tena, magurudumu yake huwa hayatazamani sawasawa, na mkanda hautulii juu yake.

Tabu ya pili ilikuja na fundi wa umeme. Alipiga magoti nyuma ya mota, akafuta grisi kwenye kibati kwa kidole, akasoma, akainuka taratibu.

"Maalim, kibati hiki ulikisoma?"

Kibati kilisema volti 200, fezi tatu, mizunguko 60 kwa sekunde. Nyumba ya Maalim, kama nyumba nyingi za Unguja, ina umeme wa fezi moja, volti 230, mizunguko 50. Katika maneno matatu ya kibati, hata moja halikulingana na ukuta wake.

Japani ina jambo lisilo la kawaida. Mwishoni mwa karne ya 19, Tokyo ilinunua majenereta yake Ujerumani, yenye mizunguko 50, na Osaka ikanunua yake Marekani, yenye mizunguko 60. Tofauti hiyo haikuondolewa hadi leo: mashariki ya nchi ni 50, magharibi ni 60. Kwa hiyo mashine mbili za Kijapani zilizofika bandari ya Malindi, Unguja, ndani ya kontena moja zinaweza kuwa za umeme wa aina mbili. Ya Maalim ilitoka upande wa Osaka. Na Japani siyo peke yake. Mashine ya Marekani ya nyumbani ni ya volti 120 na mizunguko 60. Ya Saudi Arabia huja na volti za kufanana na zetu lakini mizunguko ni 60. Ya Oman au Dubai ndiyo jirani yetu wa kweli: mizunguko 50, volti za kulingana, hata plagi ya miguu mitatu bapa ni ile ile.

Wengi hudhani transfoma itamaliza kila kitu. Transfoma hupandisha na kushusha volti tu. Mizunguko inapita ndani yake kama ilivyoingia. Mota iliyoundwa kwa mizunguko 60 ikilishwa 50 huzunguka polepole, mara 1,425 hivi kwa dakika pale ilipotakiwa 1,725, na kama volti zimebaki zile zile, huvuta umeme mwingi kuliko ilivyokusudiwa na kupata joto. Haiungui siku ya kwanza. Inaungua siku ya kazi kubwa.

Fundi wa umeme alitoa njia. Kipo kifaa kiitwacho inveta ya mota, kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu, na unakiamuru kitoe volti 200 na mizunguko 60 sawasawa. Kwa kifaa hicho mashine ya Osaka ingezunguka Mkunazini kana kwamba haijahama kwao. Lakini kingeagizwa, kingegharimu fedha ambazo Maalim hakuwa nazo tena, na kingetaka kisanduku cha kukikinga na unga wa mbao na hewa ya chumvi. Juni ilikuwa inakaribia. Maalim akauliza kama hakuna mota nyingine ya karibu. Ilikuwapo: mota ya pampu ya maji, ya nusu nguvu farasi, fezi moja, mizunguko 50. Fundi alitikisa kichwa, lakini mwenye mali ndiye mwenye amri. Ikafungwa.

Sasa tazama hesabu, ambayo Maalim angeweza kuwapa wanafunzi wake. Mota ya awali ilikuwa na kasi ya mizunguko 1,725 hivi kwa dakika. Ya pampu huzunguka 2,850. Puli haikubadilishwa. Mkanda uliokusudiwa kukimbia takriban mita 1,000 kwa dakika sasa ulikimbia zaidi ya mita 1,600, na nyuma yake palikuwa na mota yenye robo tu ya nguvu za ile iliyotolewa. Ilikuwa kasi bila nguvu: mkanda unalia kama nyuki, na ukiugusisha ubao mnene unasimama. Puli ndogo zaidi upande wa mota ingerekebisha kasi. Nguvu haitengenezwi na puli.

Jioni, saa za watu kupika na kuwasha mafeni, umeme ukipungua kidogo mota ilinguruma bila kuzunguka. Mota inayonguruma imesimama ni mota inayojichoma. Huzimwa hapo hapo, haisubiriwi ijaribu.

Sasa tuje kwenye mkanda, na hapa ndipo penye funzo lenyewe.

Mkanda uliokuja na mashine ulikuwa na kutu na meno butu. Maalim akazunguka Darajani, Mlandege na Mwanakwerekwe. Mikanda aliyoiona ilikuwa ya mashine ndogo, na hakuna uliofika urefu wake. Urefu wa mkanda haukisiwi wala hauvutiki: ni mara mbili ya masafa kutoka kitovu cha gurudumu hadi kitovu cha jingine, ukaongeza mzingo wa gurudumu moja. Ukipungua kuliko skrubu ya kukazia inavyoweza kushuka, hauingii. Ukizidi kuliko inavyoweza kupanda, haukazi. Mashine zenye magurudumu ya inchi 14 zimeigwa na viwanda vingi duniani, na mkanda wake wa kawaida, milimita 2,375 hivi, huuzwa na wengi. Wa Osaka ulikuwa wa peke yake.

Akashauriwa anunue utepe wa meno usioungwa, aukate kwa kipimo, auunge. Akaupeleka kwa mchomeleaji wa mageti, kijana hodari wa madirisha ya chuma. Kiungo kikatoka kizuri kwa macho. Mkanda ukavishwa, ukakazwa, ukazunguka, na ubao wa kwanza wa mfenesi haujafika nusu, ukakatika kwa mlio wa risasi. Mlango wa mashine ulikuwa umefungwa, na hilo ndilo lililomwokoa Maalim uso. Ukaungwa tena, ukakatika tena, kando kidogo ya kiungo.

Mafundi wa kale wa Ulaya walilia kilio hicho hicho. Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwanzoni mwa karne ya 19, magurudumu mawili na utepe wake, kama tunavyoujua. Ukakaa karibu miaka 40 bila manufaa, kwa sababu hakukuwa na aliyejua kuunga utepe ukastahimili kupinda na kunyooka maelfu ya mara. Mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin, alipata hataza ya njia ya kuuunga, na hapo ndipo mashine hiyo ikaanza kuenea. Gurudumu na meza havikuwa tatizo. Mashine yote ilikuwa inasubiri kiungo.

Moto wa kuchomelea geti huacha chuma cha mkanda kigumu na chepesi kuvunjika, mfano wa kioo. Kiungo cha mkanda hutaka moja ya njia mbili. Ama ncha zigusanishwe kwa mashine maalumu ya umeme, kisha kiungo kipashwe moto tena kwa kiasi na kuachwa kipoe polepole kirudishe ulaini, na kisuguliwe mpaka unene ulingane. Au ncha mbili zichongwe mshazari kwa tupa, zilaliane, na zilehemiwe kwa lehemu ya fedha. Njia ya pili inaweza kufanywa na mtu mwenye subira na bomba dogo la gesi. Sonara wa Mji Mkongwe ana mkono wa kazi hiyo kuliko mchoma mageti. Maalim alilijua hilo baada ya utepe wake kwisha vipande vipande.

Na hata mkanda ulipokaa, haukukata vizuri, kwa sababu meno yalikuwa madogo na mengi. Aliyemuuzia alimwambia meno mengi hutoa kazi laini. Kwa ubao mwembamba ni kweli. Kwa kuchana mfenesi mnene, tena wenye ubichi na ulimbo, mabonde kati ya meno hujaa unga kabla jino halijatoka upande wa pili. Mkanda unapata joto, unapinda, na mchano unakwenda kombo ndani ya ubao. Kanuni ni rahisi: meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya mbao wakati wowote, na kwa kuchana ubao mnene, meno 3 kwa inchi yanatosha. Upana nao una sheria yake. Mkanda wa milimita 6 hugeuka kwenye mpindo wa nusu kipenyo cha milimita 16 hivi. Wa milimita 12 au 13 hutaka 63. Wa milimita 19 hutaka kama 140. Tao la mlango wa inchi 36 lina nusu kipenyo cha inchi 18, sawa na milimita 457. Maalim alikuwa amenunua mkanda mwembamba wa kukatia mipindo ya tao ambalo hata mkanda mpana ungelikata bila shida. Mipindo midogo kabisa ya nakshi haikuwa kazi ya mashine tangu mwanzo. Ni ya patasi.

Masika ikaingia kabla hajamaliza kuhangaika. Kwa wiki moja ya mvua na upepo wa bahari meza ya chuma cha kusubu ikageuka rangi ya karafuu kavu. Nta ya kawaida ikipakwa na kusuguliwa ingeizuia kutu; mafuta huzuia pia, lakini hudoa mbao. Mipira iliyovikwa magurudumuni, iliyokuwa imekaa miaka bila kazi, ikapasuka. Na chumba kile cha mlango mmoja kikajaa unga uliomkohoza Maalim na watoto wa ghorofa ya juu. Unga wa mbao haustahili kudharauliwa: tangu 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeuweka miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Juni ikafika na fremu moja, tena iliyokatwa kwa msumeno wa mkono. Mwenye nyumba ya wageni hakugomba. Alikuja, akaitazama, akaisifu, kisha akasema: "Maalim, mimi wageni wangu washafika. Naomba arubuni yangu." Kazi ikahamia karakana nyingine. Maalim akakopa kulipa arubuni iliyokwisha kuwa chuma cha kijani chumbani mwake.

Akarudi kwa ami yake, na mzee hakumsuta.

"Mashine mbovu, ami. Mjapani kanitupa."

"Si mbovu. Haikuwa yako tu."

"Yule bwana aliniambia mchagua jembe si mkulima."

"Kasema kweli, kwa jembe. Jembe lilifuliwa na mhunzi wa kijiji chako. Alijua udongo wako ni kichanga au uwanda, alijua urefu wako, na mpini ukivunjika unakwenda kwake kabla ya adhuhuri. Wewe huchagui kwa sababu mhunzi kesha kukuchagulia. Huyo wa Osaka alikuchagulia nini? Hakujua mlango wako, hakujua umeme wako, hakujua kama kuna mkanda Darajani. Kitu kikitoka ng'ambo ya bahari, kazi ya mhunzi inakuwa yako."

Kisha akamwonyesha kasha lake la zana, tezo na misumeno ikiwa imepakwa mafuta. Mzee hakulihifadhi kwa mapenzi ya kale tu. Umeme wa Unguja huja kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba, uliowekwa mara ya kwanza mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kizima kilizimika kwa takriban mwezi. Desemba 2009 kikazimika tena hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliowashwa mwaka 2013 umepunguza hofu hiyo, lakini hakuna aliyeishi miezi ile ambaye anauza msumeno wake wa mkono kwa kuwa kanunua wa mota. Fremu moja aliyoimaliza Maalim ilitoka kwenye zana za namna hiyo.

Msumeno wa Osaka haukuoza. Uliuzwa kwa hasara kwa mwenye karakana ya Ng'ambo ambaye alikuwa na mlango mpana na sakafu ya zege. Yeye hakuvutiwa na konzi. Alisoma kibati kwanza, akaagiza inveta, akapata mota ya fezi tatu inayolingana na ile ya awali, akabadilisha mipira ya magurudumu, na akaagiza kutoka nje mikanda ya kumtosha muda mrefu, yote ya urefu ule ule wa ajabu. Sasa unachana mvule na mninga kutwa. Chuma ni kile kile; aliyebadilika ni mwenye mashine.

Maalim alisubiri hadi mwaka uliofuata. Akanunua mashine ya magurudumu ya inchi 14, fezi moja, volti 230, mizunguko 50, mota ya nguvu farasi moja na nusu, inayochana ubao wa hadi inchi 6, ambao ndio upana mkubwa anaouchana kwa makasha na marufaa. Kabla ya kuilipia alikwishashika mkononi mikanda yake miwili: wa milimita 6 kwa mipindo, na wa milimita 12 wenye meno 3 kwa inchi kwa kuchana. Kila jioni huulegeza mkanda, ili usikae umevutwa usiku kucha. Kizuizi cha juu cha mkanda hukishusha mpaka kibakie kidole kimoja tu juu ya ubao, kwani meno yaliyo wazi bila kazi ndiyo yanayotafuta vidole. Kanzu hubaki msumarini, glavu hazivaliwi, na gogo la duara halipitishwi bila kufungwa kwenye ubao bapa, maana litajizungusha na mkono ukiwa juu yake. Dirisha la chumba limewekewa feni ya kutoa unga nje, na yeye mwenyewe huvaa barakoa.

Msomaji anayejiandaa kununua msumeno wake wa kwanza asiende dukani na fedha peke yake. Aende na karatasi iliyoandikwa nyumbani, yenye mambo manne: umeme wa ukuta wake, yaani volti, fezi na mizunguko, upana wa mlango na wa njia ya kufikia mlango, unene wa ubao mkubwa kabisa ambao kweli anauchana, si ule anaouota, na urefu wa mikanda inayouzwa mahali anapoweza kufika na kurudi siku moja, pamoja na mtu anayejua kuiunga. Akifika dukani asome kibati kabla ya kugusa meza, na arubuni ya kazi ya mtu asiigeuze mtaji wa mashine. Muuzaji akicheka, acheke. Mashine isiyojibu karatasi hiyo, hata ikitolewa bure, ni ya mtu mwingine.